Alinifungua kwa Milimita

Wenzangu wa kwaya waliponiomba nitoe ushuhuda, walitarajia niseme kwamba Mungu alinifungua kinywa usiku mmoja katikati ya maombi, taya likalia "ka!" na wote tukaanguka chini kwa shukrani. Alinifungua, wala sibishi. Ila alinifungua kwa milimita, tena kwa mkono wa kijana mwenye rula ya plastiki na bunda la vijiti vya mbao. Ushuhuda wa namna hiyo haupigiwi vigelegele, na kanisani mtu hupewa dakika chache tu. Ndiyo maana nauandika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Musonoi, ubavuni mwa Kolwezi, na bado naishi hapo. Ni mtaa wa wafanyakazi uliojengwa na Union Minière, ukarithiwa na Gécamines baada ya serikali kuitaifisha kampuni mwaka 1967. Baba alikuwa mtu wa Gécamines. Enzi hizo mfanyakazi akiumwa jino, yeye, mkewe na watoto wake walikwenda hospitali ya kampuni bila kufungua pochi. Kisha mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990, shaba ikapungua, mishahara ikawa inakuja kwa miujiza, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa Benki ya Dunia ulioitwa wa hiari. Baba alikuwemo katika hiari hiyo. Nayataja haya mapema kwa sababu kila tiba nitakayoisimulia niliilipia kwa mshahara wa ualimu, na mtu akilinganisha tiba bila kutaja bei, huyo hajawahi kuugua Musonoi.

Shida ilianzia kwenye gego la mwisho, la chini, upande wa kulia. Lilikuwa limeota nusu, nusu nyingine imejificha chini ya fizi, na fizi hiyo ilikuwa inavimba mara kwa mara. Nikaenda kuling'oa. Daktari wa meno alinichoma sindano ya ganzi nyuma kabisa ya taya, jino likatoka zima, nikarudi nyumbani na pamba mdomoni na furaha moyoni. Siku mbili tatu baadaye niliamka, nikataka kupiga mwayo, mwayo ukaishia njiani.

Mtu mzima mwenye taya lenye afya hupitisha vidole vyake vitatu vilivyosimamishwa wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Ni milimita 40 hadi 50 hivi. Chini ya 35 madaktari huita trismusi, yaani taya lililobana. Mimi kidole kimoja kilipita kwa ubavu, cha pili kikagoma. Nilipopimwa kwa rula nilikuwa na 14.

Nilielezwa baadaye kilichotokea. Sindano ya kutia ganzi taya la chini hupita jirani na msuli wa kutafuna uliojificha upande wa ndani wa taya, nyuma ya magego. Ikiuchubua msuli, au ikitoboa mshipa mdogo wa damu na damu ikavuja ndani ya nyama, msuli hujikaza kujilinda. Hutokea hata kwa mikono iliyozoea kazi, na kwa wengi msuli huachia wenyewe baada ya siku chache. Usipoachia, na wewe ukaacha kuutumia kwa kuogopa maumivu, unafupika na kukakamaa kama ngozi mbichi iliyosahauliwa juani. Hapo maumivu yanaweza kupungua kabisa na mdomo ukabaki umefungwa vilevile. Kumbe ni magonjwa mawili yanayofuatana, na tiba ya ule wa kwanza haifai kwa ule wa pili. Laiti mtu angenipa sentensi hiyo mapema, ningeokoa fedha nyingi.

Watu hudhani shida ya mdomo uliofungwa ni njaa. Njaa ilikuwepo. Nilikunywa uji, nikala mboga ya sombe iliyotwangwa hadi ikawa laini kabisa, na bukari, ugali wetu, niliyoipondaponda kwa ulimi. Mahindi ya kuchoma, karanga na miwa nikaviaga. Bitoyo, wale samaki wa chumvi niwapendao, nilibaki kuwanusa sufuriani. Lakini zaidi ya njaa kulikuwa na aibu za kila siku. Nilisafisha meno kwa mswaki wa mtoto, na magego ya nyuma hayakufikika, nikaanza kunuka mdomo mbele ya wanafunzi. Niliposoma imla ya Kifaransa, sauti zinazotaka kinywa kipana zilitoka nyembamba, na darasa zima likaandika maneno yasiyokuwepo katika Kifaransa wala Kiswahili. Nilisahihisha madaftari yale usiku nikitaka kucheka, na kucheka kwenyewe kuliuma hadi sikioni. Kwenye kwaya kiongozi wetu, kwa upole, akaniondoa kwenye sauti ya kwanza akanipa kayamba.

Mama yangu aliponiona alitamka neno moja tu: pepopunda.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, na Musonoi ni mahali pa chuma chenye kutu, makoleo na vidonda vya miguu. Dalili ya kwanza ya wengi ni hiyohiyo, taya kukaza. Kwenye kituo cha afya muuguzi hakunipa dawa yoyote kabla ya kuuliza maswali. Nina kidonda? Shingo inakaza? Tumbo limekuwa gumu? Nikimeza, maji yanapita? Kisha akaniomba kadi za kliniki ya wajawazito, maana wanawake huchanjwa pepopunda wakati wa mimba, na mimi nilikuwa nimekamilisha sindano zangu katika mimba za watoto wangu. Mwisho akapenyeza kijiti bapa katika ule upenyo mdogo akagusa nyuma ya koo. Nikataka kutapika. Akatabasamu. Mwenye pepopunda akiguswa hapo, taya hukibana kijiti badala ya koo kukikataa. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme, na tangu siku ile namheshimu mama yule kuliko wataalamu wengi niliowalipa zaidi.

Alichokikuta kwangu ni homa na uvimbe nyuma ya pale jino lilipotoka. Akaandika amoksisilini na metronidazo, pamoja na ibuprofeni ya maumivu. Hii ndiyo tiba ya kwanza ninayoweza kuisifu bila kusita, kwa kazi yake. Homa iliondoka, uvimbe ukanywea, nikalala. Lakini dawa za kuua vijidudu hazinyooshi msuli. Nilipomaliza vidonge nilikuwa na milimita chache tu zaidi, na jirani zangu walinishauri ninunue dozi nyingine, kisha nyingine yenye nguvu zaidi. Ukiwa huna homa, huna usaha wala uvimbe, dozi ya pili ni kumlipa mfamasia kwa huruma.

Nyumbani Mama alichukua chumvi ya mawe, akaipasha kwenye kikaango, akaifunga kwenye kitambaa, akanikanda shavu asubuhi na jioni. Niliona ni mambo ya wazee, nikavumilia kwa heshima. Joto lile lilinifaa kuliko vidonge kadhaa nilivyomeza, ingawa faida yake ilidumu muda mfupi: nusu saa hivi taya lilikuwa jepesi, kisha likarudi lilivyokuwa. Sikujua bado kwamba nusu saa hiyo ndiyo dirisha la kufanyia kazi. Sisi tulikuwa tunapumzika ndani yake.

Katika duka moja la dawa, kijana aliniuzia diazepamu kwa kuhesabu vidonge mkononi, bila karatasi. Dawa hii hulegeza misuli, ni kweli, ila hulegeza na mengine yote. Nilisinzia mbele ya ubao. Mdomo haukuongezeka. Nilipotaka kuacha nikagundua kwamba usingizi umeshaizoea, na ikanichukua muda kurudi kulala bila kidonge. Mtu anayekunywa pombe ya lutuku jioni kisha akameza hicho kidonge anaweza asiamke kabisa. Sindano za diklofenaki, ambazo hapa kwetu mtu huchomwa kwa kila kitu kuanzia mgongo hadi huzuni, zilinipa siku za nafuu na tumbo linalowaka.

Mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu alikuja na wembe na unga mweusi, anichanje chale mbele ya masikio. Nilimpigia magoti, nikampa kiti na chai, nikamwambia, "Tata, nakushukuru, lakini wembe hapana." Alichukia kidogo. Sikuwa nadharau dawa zake. Nilikuwa nimetoka kuulizwa juu ya pepopunda, na wembe uliopita kwa watu wengine ni mlango wa ugonjwa huohuo, achilia mbali Ukimwi na homa ya ini. Alipokubali kunisugua shavu kwa mafuta tu, bila kukata, mikono yake ilikuwa hodari. Alikuta kifundo ndani ya msuli ambacho daktari hakukitafuta. Tukapatana.

Na maombi? Yalinishika nisivunjike. Kuna wiki nilizokuwa nikilia jikoni nikiwa na kijiko kidogo cha mtoto mkononi, na akina mama wa kanisa wakaja kukaa nami, wakapika, wakaimba sauti yangu kwa niaba yangu. Hilo silipimi kwa rula.

Kisha nikaenda Lubumbashi. Ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Fungurume na Likasi, na kila tuta la barabara lilinikumbusha kwamba taya limefungwa kwenye fuvu langu. Nilikuwa nimesikia habari za gutiyeri, kile kifuniko cha plastiki ngumu kinachovaliwa juu ya meno usiku ili mtu asisage. Bei yake ilikuwa sawa na unga wa nyumba yetu wa miezi miwili. Nilikuwa nimekopa. Daktari alichukua kile kisahani cha kuchukulia umbo la meno akakileta mdomoni, hakikupita. Akachukua kidogo zaidi, cha watoto. Hakikupita. Tuliangalia kisahani, tukaangaliana. Ili upate kifaa hicho lazima ufungue mdomo. Na mimi nilikitaka ili nifungue mdomo. Namshukuru daktari yule kwa jambo moja: hakunitoza, akaniandikia barua ya kumpelekea kine nyumbani Kolwezi. Kine ndivyo tunavyomwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilikuwa nadhani kazi yao ni kuwatembeza waliopooza na waliovunjika miguu migodini.

Mdogo wangu aliyeko Johannesburg aliposikia akasema niachane na vijiji, yeye atachangia nichomwe botoksi. Sumu hiyo huulegeza msuli kwa kuuzimia amri ya neva, na hukaa miezi mitatu au minne, kisha unalipa tena. Nilivutiwa, sitaficha. Lakini nilijiuliza: msuli uliokwisha kufupika, ukiuzima, utarefuka wenyewe? Kine alinijibu kwamba hapana. Kulegea ni jambo moja, kurefuka ni jingine.

Kine mwenyewe alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa zamani, akiniita "Mama" kila nusu sentensi. Kitu cha kwanza hakuleta mashine. Alinipima kwa rula, akaandika namba nyuma ya daftari. Akaniomba nisogeze taya kushoto, kulia, mbele. Akabonyeza shavu kwa kidole nje na kidole kingine ndani, polepole, hadi nikaruka. "Hapo ndipo penyewe, Mama." Akasikiliza kiungo mbele ya sikio kama kinalia. Akasema kiungo ni kizima, msuli ndio umekuwa mfupi, na kazi itakuwa ndefu na ya kuchosha, na asilimia kubwa ya kazi nitaifanya mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia kwamba nitafanya kazi. Wote walinipa kitu.

Vijiti vyenyewe ni vile vya kubania ulimi, vya mbao, kila kimoja unene wa milimita moja na nusu hadi mbili. Kwanza nakanda kwa chumvi ya Mama. Halafu napachika kati ya meno vijiti vinavyopita bila kulazimisha, kisha naongeza kimoja katikati. Nashikilia nusu dakika. Natoa, napumzika, narudia. Maumivu ya kuvutika yanaruhusiwa. Maumivu yanayobaki hadi kesho yake ni ishara kwamba nimepitiliza. Baada ya hapo nafungua na kufunga polepole huku ncha ya ulimi ikiwa kwenye kaakaa, taya lishuke wima bila kupinda. Aliniongezea mazoezi ya Mariano Rocabado, mtaalamu wa Chile: mazoezi sita, kila moja mara sita, mara sita kwa siku. Mwalimu mwenye darasa lililojaa kama langu hapati mara sita kwa siku ya kitu chochote. Tulikubaliana mara tatu, na nilizifanya.

Kuna chombo cha kiwandani kinachofanya kazi hiyo kwa mkono wa kubana, kinaitwa TheraBite, na bei yake ni dola mamia. Nilitaka kujua kama maskini anapunjwa. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1993, kwa wagonjwa waliokakamaa taya kwa mionzi ya saratani, ulikipa chombo ushindi mkubwa juu ya vijiti. Mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, nao kwa wagonjwa wa saratani, haukuona tofauti ya maana kati ya chombo na vijiti. Wale ni wagonjwa wa shida nzito kuliko yangu. Nilichojifunza hapo ni kutomcheka mwenye chombo, na kutovionea vijiti vyangu haya.

Milimita zilikuja. Kumi na nne zikawa kumi na saba, zikawa ishirini na moja. Siku nyingine zilirudi nyuma, hasa baada ya baridi ya usiku wa mwezi wa saba. Nilipofika 25 nikakwama, wiki zikapita rula ikisema lilelile, na hapo ndipo nilipokaribia kuacha. Kine hakuongeza kijiti. Aliniuliza, "Mama, meno yako hugusana saa ngapi?"

Swali la ajabu. Nikamwambia, nikila. Akanituma niangalie. Meno ya mtu aliyetulia hayapaswi kugusana: midomo imefungwa, meno yameachana kidogo, ulimi umepumzika nyuma ya meno ya juu. Nikaanza kujichunguza, nikajikuta nimeyabana wakati wa kusahihisha, wakati wa kuhesabu fedha, wakati wa kusikiliza habari za nani atahamishwa. Na zaidi ya yote, wakati wa king'ora. Anayeishi Musonoi anajua. Shimo la mgodi liko karibu na nyumba zetu. King'ora hulia, unasubiri, kisha baruti inapigwa, mabati yanalia na ufa wa ukutani unaongezeka kidogo. Katika ule muda wa kusubiri nilikuwa nabana meno kwa nguvu zangu zote, na sikuwahi kujua. Mwaka 2023 Amnesty International ilichapisha ripoti juu ya familia za Kolwezi zilizoondolewa kupisha migodi ya shaba na kobalti. Sisi tuliobaki tunalala na swali hilohilo la nani atahamishwa. Msuli nilioukanda na kuunyoosha asubuhi nilikuwa naukaza upya mchana.

Basi tukaigeuza kazi ya king'ora. Kikilia, naachanisha meno, nauweka ulimi kaakaani, natoa pumzi polepole hadi baruti ipigwe. Niliwafundisha na wanafunzi, bila kuwaambia sababu, wakadhani ni mchezo. Mgodi haukuacha kupasua, na mimi sikuacha kuukasirikia, lakini rula ikaanza kusogea tena.

Kine ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake mwongozo uliochapishwa na jarida la BMJ la Uingereza mwishoni mwa mwaka 2023, juu ya maumivu ya taya yaliyozidi miezi mitatu. Waliunganisha majaribio 153 yenye wagonjwa 8,713 na tiba 59, moja moja au zilizochanganywa. Walizozipendekeza kwa nguvu ni za kuchosha: mazoezi ya taya na kunyoosha kwa kusimamiwa na mtaalamu, kukanda vifundo vya msuli kwa mkono, mazoezi ya mkao wa mwili, tiba ya mazungumzo ya kubadili mazoea na hofu, na mgonjwa kuelezwa hali yake na kufanya mazoezi nyumbani. Walizoshauri kwa kawaida zisitumike ni pamoja na gutiyeri, botoksi na dawa za jamii ya diazepamu. Gutiyeri na botoksi, zile mbili nilizokaribia kuzilipia! Tiba ya kisaikolojia kwetu haina ofisi wala kibao, lakini kijana aliyeniuliza meno yangu hugusana saa ngapi alinipa kipande chake bila kukitoza.

Mwongozo huo una mipaka yake. Haumhusu mwenye usaha, mfupa uliovunjika, wala saratani inayofunga mdomo taratibu bila maumivu. Na hauwahusu walio katika siku za kwanza baada ya sindano ya jino, ambao wengi wao hupona kwa kukanda, ibuprofeni na kufungua mdomo kidogo kidogo tangu mwanzo. Mimi mwenyewe nisingepata kitu kwenye vijiti kabla vile vidonge vya muuguzi havijamaliza usaha. Kunyoosha taya lenye usaha ni hatari.

Leo nina 38. Kidole cha tatu kinaingia kwa kubembelezwa. Nala bitoyo. Embe nalikata vipande, siling'ati. Nimerudi kwenye kwaya, sauti ya pili, na kayamba amepewa mwingine asiyejua kulipiga.

Kwa kuwa habari zimeenea, watu huja nyumbani kuomba vijiti. Nawapa, baada ya kuwauliza maswali ya yule muuguzi, kwa mpangilio wake. Msimu wa mvua uliopita aliletwa kijana wa krezeri, mchimbaji wa mikono, taya limebana, akitembea amejikaza kama aliyevaa ubao mgongoni. Wenzake walikuwa wamesikia kwamba kwa Madamu kuna dawa ya mdomo. Nikamtazama miguu. Kisigino kilikuwa na jeraha la chuma, limefungwa kwa kitambaa cha shati. Nikamgusa tumbo, lilikuwa gumu. Hakunihitaji mimi. Nilimzuia aliyetaka kumpa maji, nikaita pikipiki, na kwa kuwa yeye hakuweza kukunja mgongo tukaishia kusimamisha gari la mchanga.

Hospitalini walimlaza kwenye chumba chenye giza, mlango wa kufungwa polepole, maana kelele na mwanga humrudishia mikakamao. Walimchoma kingamwili za kuikabili sumu, wakasafisha kisigino, wakampa metronidazo. Na diazepamu, mfululizo, kwa mshipa. Kidonge kilichonisinzisha mimi ubaoni bila faida ndicho kilichomshikilia kijana yule siku ambazo mwili wake ulijipinda kama unataka kuvunjika. Ndugu zake walichanga, wenzake wa shimoni wakauza magunia ya mawe kwa bei ya hasara.

Alitoka amekonda, kinywa kinafunguka. Siku ya kuruhusiwa walimpa chanjo, akashangaa: si ameshaugua? Muuguzi akamwambia kuugua pepopunda hakumwachii mtu kinga, anaweza kuipata tena kwa msumari wa kesho. Wenzake waliokuja kumchukua wakaambiwa nao wanyooshe mikono. Wawili walinyoosha. Wa tatu alisema anaogopa sindano, na jioni ile alikuja kwangu kuomba vijiti, avihifadhi nyumbani kama akiba. Nilimnyima. Nikamwandikia jina la kituo cha afya na siku za chanjo, na Jumatano iliyofuata nilimkuta kwenye benchi, amekaa mwisho wa foleni ya akina mama wajawazito, anaangalia viatu vyake.